Nilivyochaji betri ya gari la kisasa mama mkwe akiwa ameketi karibu

Wakuu, poleni na foleni na shughuli. Ninayoandika hapa yalinipata mimi mwenyewe, na hata sehemu ya aibu sitairuka, maana ndiyo yenye faida.

Naishi Satellite, hapa Nairobi, nyumba ya chini, na mke wangu na binti yetu Neema. Sisi ni watu wa magharibi mwa Kenya. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawashikani mikono wala hawaketi kochi moja. Ukitaka kumpa kitu, unakiweka mezani anakichukua mwenyewe. Si ugomvi, ni heshima, na nimeizoea.

Mwezi huo mama mkwe alitoka Vihiga kuja kutolewa mtoto wa jicho. Jicho la kulia lilikuwa ukungu mtupu, la kushoto nalo lilikuwa linaona kwa taabu. Mke wangu ndiye aliyepaswa kumpeleka kliniki, lakini kazini wakamtuma Kisumu wiki hiyo hiyo. Kazi ikaniangukia.

Najua mtasema taxi zimejaa. Ni kweli, na ingetufikisha vizuri. Lakini Mama alikuwa ashawatangazia wenzake wa kanisani kwamba atapelekwa na mkwe wake, kwa gari la mkwe wake. Na tangu nimwoe bintiye hakuwa amewahi kupanda gari langu hata mara moja. Nilitaka sana kumpeleka, wakuu. Nilitaka kuliko nilivyokuwa naonyesha.

Sasa shida ilianzia hapa. Sitting room yetu ni ndogo. Jioni Mama anaketi pale na Neema wakifuatilia habari kwenye TV. Mimi niketi wapi?

Nikawa naenda kuketi kwenye gari. Redio naweka, simu nachaji, kiti nakilaza kidogo, injini nimezima. Jioni baada ya jioni. Mchana nalo nalipeleka Adams Arcade kununua mboga na kurudi, safari fupi isiyoshibisha betri yoyote. Gari la kisasa halilalamiki, linavumilia tu hadi siku litakapokuaibisha.

Asubuhi, siku moja kabla ya operesheni, nikatoka kuliosha lipendeze. Nikabonyeza rimoti. Kimya. Nikabonyeza tena nikiwa nimelikaribia kama mtu anayemnong'onezea kiziwi. Kimya.

Kwenye gari hili betri iko nyuma, chini ya sakafu ya buti, pale pa kuwekea mizigo. Na buti hufunguka kwa umeme. Yaani betri imefungiwa kwenye chumba ambacho ufunguo wake ni hiyo hiyo betri! Aliyebuni hivyo Mungu anamwona.

Ndani ya rimoti kuna kafunguo ka chuma kalikofichwa. Nikafungua mlango nako, nikalaza kiti cha nyuma, nikatambaa kwa tumbo kutafuta kale kawenzo ka dharura kalikoko ndani ya mlango wa buti. Niko hapo, kichwa kizani, miguu na makalio nje, nikasikia sauti.

"Baba Neema? Umepoteza nini huko?"

Mama mkwe. Kwetu watu wametozwa mbuzi kwa makosa madogo kuliko hilo. Nilipojitoa, buti imeshafunguka, nilimkuta amegeuka, anakagua kamba ya nguo kana kwamba hajawahi kuona kamba.

"Gari imezima, Mama. Lakini kesho tutaenda."

"Mungu ni mwema," akaiambia ile kamba.

Jirani yangu Kamau akafika mbio na jumper cable begani. Kamau ana pickup ya zamani, na ameshaamsha magari ya nusu ya ploti yetu.

"Buda, hii ni ya dakika mbili. Tunaishtua na yangu, inawaka, tunasahau."

Tayari alikuwa anaelekeza kibanio cheusi kwenye negative ya betri. Hapo nikaona kitu. Juu ya ile negative kulikuwa na kijisanduku kidogo chenye waya wake. Sikukijua, lakini kitu chenye waya wake hakijawekwa pale kwa urembo. Nikamwomba asubiri.

"Sawa basi, mtu wa computer," akasema, akaondoka akicheka. Hatukukosana.

Nikaenda mjini, Kirinyaga Road, kwenye duka la spea la mama mmoja Mhindi ambaye wateja wote humwita Bhabhi. Nikamweleza kile kijisanduku nilichokiona, nikamwambia nataka charger. Hakuinuka.

"Battery iko wapi, mbele ama nyuma?"

"Nyuma."

"Gari inajizima yenyewe kwa traffic?"

"Inajizima."

Akarudisha ile kubwa niliyokuwa naishikashika, akaleta ndogo yenye sehemu ya kuchagua AGM, ambayo ndiyo aina ya betri za magari haya.

"Red kwa positive. Black usiweke kwa battery, weka kwa body, pahali iko chuma tupu. Hiyo kitu ndogo umeona ni sensor, inahesabu stima yenye inaingia. Ukiiruka, computer ya gari inadanganyika. Na soma kitabu ya gari, sio ya WhatsApp!"

Nilikisoma wakuu, mara ya kwanza tangu ninunue gari. Kumbe hata boliti ya kubania ule waya mweusi imechorwa kabisa.

Nyumbani nikakagua betri kwanza. Haikuwa imevimba wala kupasuka, maana betri ya namna hiyo haichajiwi. Buti nikaiacha wazi kwa sababu betri ikichajiwa inaweza kutoa gesi, na gesi hiyo haipendani na moto wala sigara. Milango nikafunga ili taa za ndani zisile umeme. Nikavuta extension kutoka dirisha la jikoni, soketi ikiwa imezimwa. Mwekundu kwa positive, mweusi kwenye boliti ya bodi, mbali kidogo.

Mama alikuwa ameleta kigoda chake, ameketi upande wa pili na leso yake mapajani. Akakodoa lile jicho moja.

"Mbona hiyo nyeusi umeiweka mbali na mwenzake?"

"Ndio salama, Mama. Ikikaribia betri inaweza kutoa cheche. Inakaa mbali, na stima inapita tu."

Akautazama ule waya. Kisha akacheka mpaka mabega yakatikisika.

"Kumbe hata gari iko na ukwe!"

Nami nikacheka. Miaka yote hiyo sisi wawili hatukuwa tumecheka jambo moja pamoja. Nilifurahi, na nikaona haya kwa kufurahi.

Nikaenda jikoni kuwasha soketi. Taa ya charger ikawaka. Mara gari likaamka, likapepesa taa, na kacha! milango yote ikajifunga. Hapo ndipo nilipokumbuka rimoti iko wapi. Nilikuwa nimeiweka ndani ya buti, kando ya betri.

Na dirishani naona mlango wa buti unashuka. Mikono yake ya gesi, ile inayoushikilia juu, imechoka, na upepo wa mvua ulikuwa umeanza. Nilikimbia nikijua sitafika. Ulishuka wote, ukatua.

Lakini haukulia ule mlio wa kushika. Nikauinua kwa kidole tu. Pale kwenye kufuli kulikuwa na leso ya Mama, imekunjwa mara kadhaa ikawa nene kama mto.

"Nimeona hiyo mlango ikishuka pole pole," akasema akiangalia kando. "Na kichwa yako inaingia hapo kila saa. Nikasema itakuumiza."

Hakujua habari ya kufuli wala rimoti. Aliogopea kichwa changu tu. Nilitaka kumwambia kitu cha maana, nikaishia kusema asante Mama, nikauegemeza mlango kwa fagio na kuning'iniza rimoti shingoni. Leso nikaiweka juu ya kigoda, akaichukua.

Jioni charger ikaonyesha kijani. Soketi nikazima kwanza, nikatoa mweusi, kisha mwekundu. Nikabonyeza start. Likawaka kwa sauti tamu kuliko kwaya.

Kamau akachungulia. "Imekubali? Na si ungeniacha nimalize asubuhi?" Nikamjibu betri iliyokauka hata ukiishtua bado inataka kushiba. Akaniambia nifungue kliniki ya betri.

Kesho yake tulifika mjini mapema. Mama aliketi kiti cha nyuma kushoto, amejifunga kitambaa cha Jumapili. Operesheni ilienda vizuri. Akatoka na jicho limefunikwa, lile jingine ni lile la taabu, na mbele yetu ngazi za kushuka hadi parking. Muuguzi alikuwa ameshaitwa kwa mgonjwa mwingine.

Tukasimama pale. Yeye anahitaji mkono, na mkono uliopo ni wangu.

Akafungua leso kiunoni, akaikunjua, akanyoosha ncha moja.

"Shika upande huo, Baba Neema. Twende."

Nikashika. Tukashuka ngazi polepole, mimi mbele, yeye nyuma, leso katikati yetu imekazika. Watu walitupisha.

Funzo basi: gari la kisasa lisomee kitabu chake, mweusi uende kwenye bodi, umeme uwe wa mwisho kuwashwa na wa kwanza kuzimwa. Na rimoti isiwahi kulala ndani ya buti. Pia usifanye gari kuwa sebule.

Hili la mwisho sikulisema mimi. Jioni ile tuliporudi nilichukua rimoti nikielekea mlangoni kama kawaida, nikamsikia Mama akisema kwa sauti ya mtu anayetaka asikike:

"Neema, mwambie baba yako sitting room iko na kona mbili. Gari ilale."

Nikarudi, nikaketi kona yangu.

Wenye betri za buti, na wenye mama wakwe, karibuni hapa chini mseme yenu. Na kama kuna anayejua mahali pa kupata mikono mizuri ya gesi ya buti, nisaidieni, fagio linahitajika jikoni.