Tulibadilisha Mabati kwa Vigae

Baba yangu alikuwa mwalimu wa hesabu, na aliamini kwamba kunakili ni dhambi ya wanafunzi peke yao. Alipotaka kujenga nyumba yetu Lizaboni, aliazima mchoro kwa mwalimu mwenzake aliyewahi kujenga Peramiho, akaubandika kwenye kioo cha dirisha jua likiwaka, akaweka karatasi nyeupe juu yake na kufuatisha kila mstari. Alinakili vyumba, akanakili mwinuko wa paa, akanakili hata maneno. Halmashauri ikagonga muhuri, nasi tukashangilia. Nyumbani kwetu hakuna aliyesoma kilichoandikwa kuhusu paa.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka ya mjini yalipoanza kujaa vitu tulivyokuwa tukivisikia redioni tu. Zamani ukitaka bati uliandikisha jina na kusubiri mpaka usahau. Sasa mabati yalipangwa barazani na muuzaji anakubembeleza. Baba alichagua yale membamba kuliko yote kwa sababu ndiyo yaliyong'aa kuliko yote, akayaegemeza ukutani, akawa anapita karibu nayo kujitazama. Mama, mzaliwa wa Mpitimbi, aliyagonga kwa kidole.

"Mwalimu, mvua ya mawe ikija, haya yatatoboka."

Utotoni aliwahi kuona shamba zima la mahindi la baba yake likilazwa chini kwa muda mfupi tu, na tangu hapo hakuiamini mbingu nyeusi. Baba alimjibu kwamba mawe hayashuki mjini. Nilicheka, nikakaripiwa.

Novemba ilifika kuta zikiwa zimesimama. Tulikuwa tumejenga kwa matofali mabichi, kwa hiyo mvua kubwa chache tu zingezirudisha kuwa tope. Fundi alikuwa amemaliza kenchi za paa kwa kufuata mchoro, akilalamika kila siku kwamba mbao nene namna hii na papi za kupigilia bati zilizosongamana hivi ni za kubebea nini. Asubuhi ya kupigilia bati la kwanza, mkaguzi wa majengo akaingia na baiskeli yake, nakala ya mchoro kwapani. Alizunguka nyumba, akasimama.

"Mwalimu, kibali kinasema vigae vya udongo."

Baba alichukua karatasi, akausoma mwandiko wake mwenyewe.

"Na hapa kuna bomba la moshi," mkaguzi akaendelea. "Hilo sitalidai. Ila paa ni lile lililopitishwa. Ukitaka mabati, leta mchoro mpya, kamati ikae."

Kamati ingekaa Januari. Januari tungekuwa tunapanda mpunga sebuleni. Baba alikaa juu ya mabati yake. Mama aliingia katika chumba ambacho kingekuwa chake, akawa anapapasa ukuta. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Mama huyo huyo ndiye aliyetuokoa, na alituokoa kwa kupenda kwake maongezi ya baada ya misa. Alikuwa amesikia kwamba karibu na Peramiho kuna katekista mstaafu anayetaka kushusha vigae vyake aweke mabati, kwa kuwa watoto wake wanaoishi mjini wanaona aibu. Tulikwenda siku ile ile, wote watatu. Mzee tulimkuta juu ya ngazi.

"Shikamoo, baba," mama akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mnataka vigae? Vizee hivi?"

"Vyote. Na sisi tunayo mabati, mapya."

Mzee alishuka taratibu, akamtazama baba kwa huruma, akauliza kama yanang'aa. Baba akasema yanang'aa sana, kwa sauti ya mfiwa. Wakapeana mikono. Nina hakika mzee yule alilala akitusikitikia.

Vigae vilikuja na lori lililokuwa limepeleka mbolea huko na ambalo lingerudi tupu. Kwetu nyumba haiezekwi na watu wawili: ukisikia nyundo unakwenda, na mwenye nyumba anatoa togwa. Jumamosi mtaa ulipanga mstari kutoka barabarani hadi kwenye ngazi, vigae vikipita mkono kwa mkono, wanawake wakiimba kwa Kingoni, na jirani yetu aliyehamia kutoka Tanga akiitikia kwa nguvu maneno asiyoyajua. Fundi alikuwa juu akicheka peke yake, maana kila kigae kilikaa kwenye papi zake bila kulazimishwa. Mkaguzi naye alivua koti akaingia katika mstari. Nilifurahi mno siku ile, hata malengelenge ya viganjani niliyaona kesho yake. Jioni nyumba ilikuwa imefunikwa.

Mvua ilitusubiri siku nne. Ilikuja alasiri, na ilikuja na mawe makubwa kama ndimu changa. Mtaani kila nyumba ya bati ilikuwa ikipiga kelele, watu hawasikilizani. Kwetu yaligonga kwa kishindo kizito cha chini, nasi tukakaa sebuleni kwenye mkeka tukitazama juu. Hakuna tone. Mama aliinuka, akaushika ukuta, akaupitishia kiganja kutoka kona hadi kona. Ulikuwa mkavu.

Baba alikohoa. Sikuwa nimewahi kumsikia akikubali kosa, hata la kujumlisha.

"Mama watoto," akasema polepole, "ulisema kweli."

Chini ya mabati yake asingesikika. Chini ya vigae tulimsikia sote, na mama alimsikia kuliko sisi.

"Sijakusikia, Mwalimu," akasema. "Hebu rudia."

Baba akarudia.