Atomi Mbili Kabla Hadubini Haijaondoka

Tulimwita Mama Usipumue, na mwenyewe alijua. Yeye ndiye mwendeshaji wa hadubini ya elektroni, na ukiingia chumbani kwake ni marufuku kukohoa, kuburuta kiti, hata kucheka, maana mtikisiko mdogo tu unaharibu picha. Mimi namwandalia sampuli. Namwita dada, ingawa hatuna undugu.

Asubuhi ile mkuu wa maabara alitangaza kwamba hadubini inahamishiwa taasisi nyingine, na mafundi wa kuifungua wangekuja mchana. Dada alikuwa bado hajapata alichokitafuta ujana wake wote: picha za atomi mbili za metali zikishikana, zikiachana, kisha zikishikana tena. Kwa ajili ya picha hizo alikosa harusi ya mdogo wake na mazishi ya shangazi yake. Aliwahi kuzipiga, lakini zikatoka na ukungu. Mkuu alizitazama picha zile akasema, "Hapa naona mavi ya nzi tu." Watu wakaangua kicheko. Sijamsamehe mpaka leo.

Ilibaki sampuli moja. Tulizikuta atomi ndani ya mrija wa kaboni mwembamba ajabu, madoa mawili kwenye skrini. Zikashikana. Zikaachana. Dada alikuwa anarekodi huku machozi yanamtiririka.

"Haionekani vizuri," akasema. "Mkuu atasema yaleyale."

"Dada, iache hivyo hivyo. Subiri zirudi."

Elektroni zinazokuonyesha atomi ndizo hizohizo zinazoipiga. Ukiziongeza unaona vizuri, lakini unaweza kuutoboa mrija. Yeye ndiye aliyenifundisha hilo, tena kwa ukali. Akaongeza.

Picha ikang'aa. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile. Madoa yakasogeleana, yakakaribia kugusana, mara mrija ukachanika na atomi zikatoweka.

"Zilikuwa zinarudiana," akasema. "Umeona wewe?"

"Nimeona, dada."

"Sema tena."

"Nimeona."

Mlango ukagongwa. Mafundi wakaingia na masanduku yao ya vifaa, wakatusalimu kwa adabu, wakauliza waanzie wapi. Dada akailaza mikono yake yote miwili juu ya meza ya hadubini, akawaomba waanze na chumba kingine. Hakukuwa na chumba kingine.