Shati la Bosi

Mama Madoa alikuwa ametia nguo rangi miaka ishirini, mikono buluu hadi viwikoni, siku msimamizi alipomcheka mbele ya karakana nzima: "Hata pigimenti hujui ni nini!"

Alimeza hasira, lakini neno hilo likamkaa rohoni. Jioni bintiye, aliyekuwa mwalimu, akamweleza: "Ni rangi ya unga isiyoyeyuka, mama. Inakaa juu ya uzi tu. Bila gundi, inatoka."

Wiki hiyo msimamizi akamletea shati la harusi yake na kopo la pigimenti ya buluu, alitie rangi.

"Hii hii, bosi? Peke yake?"

"Kwani wewe unajua nini? Tia!"

Akatia, tena kwa moyo mkunjufu.

Jumatatu bosi alirudi shingo buluu, akifoka kwamba amemkumbatia bibi harusi na gauni jeupe limekwisha.

"Pole, bosi," alisema Mama Madoa. "Sasa pigimenti tunaijua sote."