Pikipiki Iliyoshuka Kimya

Kaka yangu alikuwa bahili wa petroli kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua. Kila siku alifunga sambaza, vile visamaki vya ziwani, kwenye keria ya pikipiki yake, akapanda navyo mpaka sokoni Mahoko injini ikikohoa njia nzima. Jioni, kurudi kulikuwa raha yake. Penye mteremko alizima injini, akatoa giya, akaiachia ijiendee. Wabeba samaki wote walishuka hivyo, lakini yeye alijiona bingwa wao. Kwenye tambarare aliwasha kidogo, kwa uchungu, na akifika juu ya mtaa wetu wa Nengo anazima tena. Mpaka getini ni upepo tu na mnyororo ukilia tik-tik.

Nyumbani hatukumsikia. Mama hakumsikia, mimi sikumsikia. Mke wake ndiye aliyemsikia. Shemeji yangu ni mtoto wa hapa hapa ziwani, na sijui masikio yale aliyapata wapi. Yuko jikoni anakoroga ugali, ghafla anaacha mwiko, anakwenda kufungua geti, na pikipiki inaingia kama vile walipanga. Hapo ndipo chakula kinapakuliwa, si kabla. Mimi niliyezaliwa Tanzania na kurudi huku kwetu na njaa zangu zote nilinung'unika sana. Niliwahi kumuuliza kama chungu kile kina mwenyewe. Alinijibu kwamba chungu kina mwenyewe, na mwenyewe yuko njiani, kisha akanicheka kwa Kiswahili changu alichokiita cha redio.

Miaka ile barabara ilikuwa na vizuizi vya ulinzi vya magogo, na vizuizi vilikuwa na tabia ya kuhama. Leo gogo liko darajani, kesho limesogezwa hadi kwenye kona. Na taa ya pikipiki kuukuu kama ile inakula kwa injini: ukizima injini, taa nayo imekufa. Jioni moja ya ukungu kaka alishuka na njia anayoijua kama kiganja chake, akakuta gogo mahali ambapo asubuhi halikuwepo. Waliolilinda walituambia hawakusikia chochote. Wangesikia wangelinyanyua. Niliwaamini, na kuwaamini kuliniuma zaidi kuliko kama ningepata wa kumchukia.

Tulimzika. Tukakaa matanga, tukayaondoa kama inavyopasa, watu wakarudi makwao. Lakini shemeji aliendelea kupika kwa saa ile ile, akafunika chungu, akaenda kusimama getini. Hakulia. Alisikiliza tu. Giza likiingia vizuri ndipo anarudi na kutupakulia, na yeye mwenyewe anakula matonge mawili. Komeo la geti halikufungwa mpaka tulale. Mama alianza kwa kumwonea huruma, akaishia kuogopa. Akaniita nyuma ya nyumba, pale mabaki ya pikipiki yalipolazwa chini ya turubai, akaniambia niyaondoe. Alisema mkaza mwana wake anakonda mbele ya macho yake, na chuma kile ndicho kinachomwita marehemu.

Mimi ni fundi, na mwambie fundi atupe kitu uone. Tena ukutani, chumbani kwa kaka, kulikuwa na ukurasa wa jarida uliowahi kufungiwa maandazi. Picha ya pikipiki iliyovuliwa kila kitu: usukani chini, kiti cha mtu mmoja, mwendeshaji ameilalia tumbo. Mtu anayejua Kifaransa alimsomea kwamba vijana wa Ulaya walizitengeneza hivyo ili washindane mtaani, kutoka mkahawa mmoja wa kahawa hadi mwingine. Kaka alicheka siku nzima. Alisema sisi tunailima kahawa hatuinywi, wao wasioilima wanaifukuza kwa pikipiki. Lakini ukurasa hakuutoa, na kila mara aliahidi kwamba siku akiacha samaki, ya kwake itafanana na ile.

Basi nikaamua. Nitaijenga ile ya ukutani. Na nitaifanya ilie, ilie mpaka mbwa wa Nengo wakimbie. Hesabu yangu ilikuwa hii: pikipiki ikiingia getini inanguruma, shemeji hatakuwa tena na kimya cha kusikiliza. Atapumzika. Atakula. Niliona nina akili kweli.

Nilianza kwa kufungua keria. Magamba ya samaki yalikuwa yamekauka kwenye kila nati, nikayakwangua kwa bisibisi huku kamasi zikinitoka. Nilikata fremu ya nyuma na kuchomelea bomba nililolipinda mfano wa kwato la ng'ombe. Madigadi ya kuzuia matope nikayatupa. Usukani ulikuwa umepinda. Nilipata mwingine, nikaupindua ukaangalia chini. Tangi lilikuwa limebonyea ubavuni, pale goti la kaka lilipokaa, nikaligonga kutoka ndani taratibu kwa chuma chenye kichwa cha mviringo mpaka likanyooka. Karibu likanyooka. Kibonyeo kidogo kilikataa, nikakiachia. Ekzosi, lile bomba la moshi, nikaikata fupi. Kiti kirefu nikakibadilisha kwa cha mtu mmoja, chenye kinundu cha bati nyuma, na sponji la zamani lilinuka samaki na jasho lake hata nikashindwa kulitupa. Nikalichonga upya, nikalirudisha mle mle.

Wenzangu gereji walinitania. Waliuliza samaki watakaa wapi, kwenye mfuko wa shati? Wacha waseme. Nilipoiwasha mara ya kwanza, wote waliziba masikio.

Jumapili alasiri nilipanda nayo Mahoko, nikageuza, nikashuka injini ikiunguruma mteremko mzima, nimeilalia kama yule wa kwenye picha. Machozi yaliyonitoka nilisema ni upepo. Watu wa Nengo walitoka majumbani kunitazama. Mama alikuwa mlangoni, mikono kichwani, anacheka na kulia. Shemeji hakutoka.

Nilimkuta jikoni, chungu kimefunikwa. Alifuta mikono kwa kitenge, akaniangalia bila hasira yoyote.

"Nimekusikia toka kule mbali," alisema. "Iko muzuri. Angeipenda sana. Lakini yeye hakukujaka na makelele. Sasa kukikuwa kimya, mi najua ni yeye anakuja."

Nilikaa kwenye kigoda. Kazi yote ile, na nilikuwa nimemwachia kimya chote kiwe cha marehemu.

Shemeji akafikiri kidogo. Kisha akasema, kwa sauti ya chini kabisa, "Rudia kule juu. Shuka na moteri yenye kuzima. Mara moja tu, niangalie."

Sikutaka, wallahi. Niliona ni kumchezea mtu kidonda. Lakini nilipanda mpaka juu ya mtaa, jua likiwa bado lipo, nikazima, nikaiachia. Ndipo nikasikia alichokuwa akisikia kaka kila jioni: sufuria zikisuguliwa, redio ya jirani, watoto wakiitwa kuoga, na mnyororo ukilia tik-tik chini yangu. Ulikuwa mji mzuri kuurudia.

Geti lilifunguka kabla sijalifikia. Shemeji alikuwa amelishika kwa mkono mmoja, anatabasamu. Tabasamu lile sikuwahi kupewa na mtu, na siku ile pia halikuwa langu. Lilikaa usoni mwake mpaka gurudumu la mbele likavuka kizingiti. Akanitazama. Akatazama usukani wa chini, kiti cha mtu mmoja, mikono yangu, uso wangu tena. Tabasamu likaondoka polepole, na hakujaribu kulizuia.

"Ni wewe," alisema.

"Ni mimi, shemeji."

"Bon, basi. Hakuna mwingine nyuma yako."

Akafunga geti, akasukuma komeo mpaka mwisho. Kisha akaenda jikoni akapakua, sahani tatu, na yake aliijaza kama zetu. Mama alimega tonge akashindwa kulimeza. Mimi nililia huku natafuna, na hakuna aliyeniambia ninyamaze. Nje kulikuwa bado na mwanga.