Mama wa Sukuma na Gari la Eksirei

Darasa la pili nilitoka shule, nikabeba mizigo, nikafungua kibanda cha makaa mtaani Silanga kwa mikono yangu. Hakuna mtu alinisaidia. Kwa hivyo nitasema vile ilikuwa.

Miaka hiyo ya tisini bibi yangu alikuwa nyumbani Magharibi na watoto wetu. Mtu wa kuongea naye alikuwa jirani yangu wa biashara, mama wa upande wa ziwa, muuza sukuma wiki. Alivuta sigara kama wamama wazee wa kwao, upande wa moto ndani ya mdomo, amejificha nyuma ya magunia yangu. Mkwewe, bwana wa binti yake, hakujua. Mama mkwe kuonekana na mkwe akivuta, kwao ni aibu ya kuhama nayo mtaa.

Halafu wamishonari wakaleta gari la eksirei Makina, mtaa wa jirani. Walitaka wazee wanaovuta, wapigwe picha ya kifua kabla kansa haijajionyesha. Mimi pia nilikuwa navuta, nikamwambia mama twende. Akakubali, lakini mkwe naye akamsindikiza.

Nesi akamuuliza, "Mama, unavuta?"

"Mimi? Moshi ya jikoni tu."

"Basi rudi nyumbani, mama. Hii ni ya wanaovuta."

Mkwe akacheka. "Sista, huyu hata kiberiti hajui kuwasha."

Nilimwona mama anageuka kwenda. Nikasema, "Sista, ngoja. Huyu anavuta kuliko mimi. Moto anaweka ndani."

Laini yote ya watu ikageuka kutuangalia. Mkwe akaangalia chini, akaondoka.

"Wewe mzee," mama akaniambia, "umenivua nguo mbele ya mkwe wangu."

"Nguo utavaa. Pafu hutapewa ingine."

Akapanda gari bila kuniangalia.

Picha yangu ilitoka safi. Yake ilikuwa na doa dogo. Hospitali kubwa wakampasua, wakatoa kipande cha pafu, wakasema kansa imepatikana mapema. Akarudi ushago, kijijini kwao, bila kupitia kwangu.

Miezi ikapita. Siku moja mkwe akaja kununua makaa.

"Mama anaendeleaje?"

"Analima, mzee. Anapumua vizuri."

"Amenitumia salamu?"

Akakuna kichwa. "Hataki hata utajwe kwake."

Nikampimia debe, nikaongeza kidogo juu. Ningesema tena vilevile, hata leo. Pale mama alipokuwa akiuzia sukuma palichukuliwa na fundi wa viatu, mtu wa kunyamaza. Jioni nilikuwa nafunga kibanda sijafungua mdomo tangu asubuhi, isipokuwa kutaja bei.