Matairi Mapana ya Gari la Daktari

Pale karakana walimwita Upepo, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akijaza upepo, akiziba pancha na kubandua matairi kwenye rimu kwa vyuma viwili na goti moja. Angeweza kupita tu nyuma ya gari lililosimama akasema, "Bwana, tairi lako la kushoto linalika upande wa ndani." Ukiinama kutazama, ni kweli. Ujuzi alikuwa nao. Shida yake ni kwamba alijua kuwa anao.

Dada yake alimzidi miaka kumi na miwili. Mama yao alipofariki, dada ndiye aliyembeba mgongoni, akamwogesha, akamfundisha kusoma saa kwa ile saa ya ukutani isiyokuwa na kioo. Baadaye akawa daktari wa mifugo, na watu wakalisahau jina lake pia. Akabaki Daktari, basi. Alipostaafu, idara ilikuwa ikiuza magari yake makuukuu, naye akalinunua lile lile alilozeeka nalo kazini: gari la porini la zamani, la pembe nne kama sanduku, milango ya kufunga kwa komeo, usukani mwembamba na mkubwa kama sinia. Kila wiki alilipanda akaenda kwa wafugaji kuzalisha ng'ombe na kuchanja ndama, kama mtu ambaye barua ya kustaafu ilimpotea njiani.

Jumamosi moja asubuhi aliliingiza karakana. Matairi yalikuwa yamekauka, yamepasukapasuka ubavuni kama kisigino kisichojua mafuta.

"Mdogo wangu," alisema, akitoa kijitabu cha gari kilicholegea kurasa, "saizi imeandikwa humu. Nataka kama haya haya. Membamba, marefu."

Upepo akacheka. "Dada, haya ni ya baiskeli! Gari la kibabe namna hii unalivisha ndara? Njoo uone."

Akampeleka nyuma ya kontena. Kulikuwa na matairi manne mapana, meno yake makubwa kama matofali, yamekwisha kufungwa kwenye rimu nyeupe zilizotokeza nje. Alikuwa ameyatafuta miezi mitatu na kuyafuta vumbi kila Ijumaa. Maisha yake yote hakuwahi kumpa dada yake kitu cha maana, na sasa alikuwa nacho.

"Zawadi yako. Usiniambie kitu."

Daktari aliyazunguka taratibu, akapima upana kwa kiganja. "Mazuri, kwa kweli. Lakini jembamba hukata tope mpaka likute ardhi ngumu. Hili litaelea juu juu kama bata. Halafu gari langu usukani wake hauna msaada, ni misuli tu. Na mkono wangu unaujua."

Aliujua. Miaka mingi nyuma fahali alimpiga teke, kifundo cha mkono wa kulia kikavunjika na kuunga vibaya. Ila siku hiyo wateja wawili walikuwa wamekaa kwenye benchi wakisikiliza, na Upepo hakupenda kufundishwa matairi mbele ya watu.

"Dada, wewe unajua ng'ombe," alisema kwa kicheko. "Matairi niachie mimi."

Wale wateja wakacheka naye. Daktari alimtazama kidogo, akakifunga kijitabu chake.

"Haya. Fundi ni wewe."

Kufikia adhuhuri gari lilikuwa limesimama kifua mbele kama jogoo. Watu walitoka madukani kulipiga picha. Daktari alishukuru, akapanda, akaliondoa. Pale kona ya barabara alikwenda mbele, akarudi nyuma, akaenda mbele tena ndipo akaweza kupinda. Upepo aliona. Akajisemea kwamba dada anazeeka.

Wiki mbili baadaye alirudi akisema usukani ukikatwa mpaka mwisho, matairi yanasugua springi. Upepo alirekebisha vizuizi vya usukani ili magurudumu yasipinde sana, na msuguo ukaisha. Kwamba sasa gari lilihitaji uwanja mzima kugeuka, hilo hakulisema, na dada hakuuliza.

Masika yakaja, yakapita. Safari za Daktari zikawa moja kwa wiki mbili, kisha moja kwa mwezi. Upepo akimpigia simu kuuliza hali ya gari, jibu lilikuwa lile lile: "Zuri. Nimepumzika tu, mdogo wangu." Mwishowe gari likaingia chini ya banda la mabati na kufunikwa turubai. Upepo alimwambia fundi mwenzake, "Afadhali. Umri ule, porini anatafuta nini?"

Mwaka na nusu baada ya siku ile ya zawadi, Daktari alipata kiharusi. Alipona nusu: ulimi ulikuwa mzito, na mkono wa kulia ukawa unaning'inia tu. Binti yake alihamia pale nyumbani kumuuguza, na siku moja akampigia Upepo simu.

"Mjomba, njoo uliondoe gari bandani. Tunataka kutengeneza njia ya kiti cha magurudumu."

Upepo akaenda na betri mkononi. Tangu ayafunge matairi yale alikuwa hajaliendesha gari hilo zaidi ya kulisogeza mbele ya karakana. Aliliwasha, akaanza kulitoa kwenye kichochoro kati ya banda na ukuta. Usukani ulikataa. Akaushika kwa mikono yote miwili, akainua makalio kwenye kiti, akauvuta kama mtu anayeng'oa kisiki. Gurudumu la mbele likaingia kwenye kishimo, usukani ukajirudisha kwa nguvu na kumpiga dole gumba hata akapiga kelele. Alizima injini. Jasho lilikuwa likimtoka, naye hata langoni hajafika.

Mpwa wake alikuwa amesimama kibarazani akitazama.

"Mama alikuwa akifunga bandeji mkononi kabla ya kuliendesha," alisema. "Akirudi, analoweka mkono kwenye maji ya moto, hazungumzi na mtu."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Nilimwambia akuambie. Akasema uliyafurahia mno yale matairi."

Upepo alibaki amekaa ndani ya gari, mlango wazi, mguu mmoja chini. Maneno aliyoyasema mbele ya wale wateja yalimrudia yote, na kicheko chake. Kwa miezi ile ya mwisho ambayo dada yake alikuwa na mikono miwili, yeye ndiye aliyemfungia nyumbani. Maji yalikuwa yameshamwagika. Lakini hakuweza kuyaacha matairi yale yabaki hapo hata wiki moja.

Rimu za zamani hazikuwapo. Alikuwa amemuuzia mtengeneza mikokoteni, na ilibidi azifuate mtaa kwa mtaa. Tatu alizikuta zikibeba mapipa ya maji. Mwenye mikokoteni alimtazama kama mwendawazimu alipoomba kubadilishana kwa rimu mpya. Ya nne ilikuwa imepinda, akatafuta nyingine ya aina hiyo hiyo kwenye uwanja wa vyuma chakavu. Alizisugua kutu kwa brashi ya waya, akazigonga moja moja kwa nyundo akisikiliza mlio, akakagua kila tundu la nati kama lina ufa. Kisha akaenda dukani kutafuta matairi ya saizi ya kijitabu. Zilikuwapo aina mbili: moja ya meno marefu ya tope, nyingine ya mistari ya karibu karibu. Miaka yote angechagua mwenyewe hapo hapo. Safari hii aliazima tairi moja la kila aina, akayabeba mpaka chumbani kwa mgonjwa na kuyaegemeza ukutani, karibu na meza ya dawa.

"Dada, lipi?"

Daktari aliyatazama muda mrefu. Alinyoosha mkono wa kushoto, Upepo akamsogezea, akapitisha vidole kwenye meno ya lile la kwanza, kisha kwenye mistari ya la pili.

"Hili la meno," alisema polepole, maneno yakimkwama, "litapiga kelele barabarani. Lakini kule... kuna tope. La meno." Akapumua. "Na mpira wa ndani, mpya."

"Mpya, dada."

"Upepo usijaze sana."

"Sitajaza sana."

Alipomaliza kuyafunga, alivirudisha vizuizi vya usukani kama vilivyokuwa, akampandisha dada yake kwenye kiti cha abiria. Kabla hawajaondoka, Daktari aliupeleka mkono wa kushoto kwenye usukani na kuuvuta wakati gari likianza kutambaa. Ukaja bila ubishi. Aliushikilia kidogo, kisha akauachia na kuurudisha mkono mapajani.

"Nisamehe, dada," Upepo alisema, macho mbele.

"Na mimi... nilikosa. Ningesema."

"Ulisema. Mimi ndiye sikusikia."

Walivuka mto mahali palipokanyagwa na ng'ombe, matairi membamba yakazama kwenye tope mpaka yakakuta changarawe, yakapanda ng'ambo bila kuteleza. Daktari alitikisa kichwa mara moja kukubali, kama mtu anayesahihisha daftari la mwanafunzi.

Mfugaji wa kwanza waliyemkuta alikuwa mzee mwenye fimbo, aliyelitambua gari kwa mlio. Alikuja mbio mpaka dirishani, akaushika mkono ule wa kushoto kwa mikono yake yote miwili.

"Daktari! Ulipotelea wapi? Masika yale nilikungoja. Mitamba wangu wawili walikufa wakizaa, hapa hapa, sikujua la kufanya."

Daktari aliutafuta ulimi wake.

"Pole sana," alisema. "Gari... lilikuwa bovu."

"Lo! Na sasa limepona?"

"Limepona. Mdogo wangu huyu ndiye aliyelitengeneza."

Mzee akazunguka mbele ya gari mpaka upande wa dereva, akamshika Upepo mkono na kuutikisa. "Mungu akubariki, fundi. Umetuletea Daktari wetu." Akashukuru mara ya pili na ya tatu. Upepo alifungua kinywa amwambie ukweli, akamwona dada yake akimtazama na kutikisa kichwa kidogo sana, kumkataza. Akateremka, akaenda nyuma kutoa kiti cha magurudumu, akakawia huko akihangaika na kamba ambayo ilikuwa imeshafunguka.