Ekshen ya Titaniamu ya Bwana Mutiso

Nakumbuka siku Bwana Mutiso alipoingia karakanani kwetu kwa kutengeneza bunduki, mtaa wa Turffontein, ameshika kiuno, akasema anataka bunduki ambayo haitamuua kwa uzito. Tukacheka wote wawili. Mwanangu, kicheko kile bado nakisikia, na sikipendi.

Shule niliiachia Bukavu, darasa la nane, lakini ndoto nilikuwa nazo za kumwaga. Nilikuwa napiga tupa huku napiga mluzi, nikiona karakana yangu mwenyewe, jina langu mlangoni kwa rangi ya dhahabu. Papa Byamungu, fundi aliyenifundisha, aliniacha niote, mradi mikono isikosee.

Mutiso alikuwa Mkenya, kazi yake kutembeza wageni porini kwa miguu, kule Limpopo. Bunduki hakuibeba ya kuwindia. Aliibeba ili siku nyati akiwajia, watu warudi nyumbani. Mbele yake alitembea Josias, msoma nyayo, ambaye hakuwa na kitu mkononi isipokuwa fimbo.

Nilimwekea mezani ekshen mbili. Ekshen, kwa asiyejua, ni kile kiungo cha katikati: mtutu unafungwa mbele yake, kitako kinaishika kwa chini, na ndani yake komeo linakwenda na kurudi, likisukuma risasi na kuifungia. Moja ilikuwa ya chuma. Nyingine ya titaniamu, uzito wake karibu nusu. Nikampa moja kila kiganja.

"Unasikia tofauti, mzee?"

"Eish, hii ni kama kubeba mkate." Akaitupa juu kidogo, akaidaka. "Kijana, nipe hii. Mgongo wangu utakuombea."

Sasa, Papa Byamungu alikuwa na utaratibu wake. Alikuwa na bunduki kuukuu aliyoichimba kitako, akitia na kutoa vipande vya chuma mpaka ifikie uzito ule ule anaoutaka mteja. Kisha alimpeleka uwanja wa shabaha apige risasi kumi, za unene ule ule atakaoutumia. Bunduki nyepesi yenye risasi nene hupiga teke baya, na bega la mtu ndilo hutoa jibu. Baada ya ile ya kumi ndipo fundi aliandika agizo. Kwenye karatasi kulikuwa na kisanduku cha kutia tiki: amepiga kumi.

Wiki ile Papa alikuwa hospitali, anafanyiwa upasuaji wa jicho. Mutiso alikuwa na siku moja tu mjini, na mimi niliona zile kumi ni ukaidi wa uzee. Nikatia tiki.

Papa aliporudi aliisoma karatasi, akaamini, akajenga. Ilitoka bunduki nzuri, mwanangu, sitakudanganya. Mimi mwenyewe niliipiga picha.

Miezi ikapita. Mutiso akarudi, akailaza bunduki mezani pamoja na boksi la risasi.

"Niwekeeni hii. Sitaibeba tena," akasema. "Josias amekufa."

Papa akamvutia kiti. Mutiso hakukaa.

"Nyati alitoka kichakani hatua ishirini hivi. Muda nilikuwa nao, bana. Nikainua, nikalenga, na kabla sijavuta nikafumba macho, risasi ikaenda kando. Ile kitu ilikuwa imeniumiza bega mara tatu tu, nikaacha kufanya mazoezi. Mwanamume mzima, naogopa bunduki yangu." Akasukuma boksi kuelekea kwetu. Lilikuwa karibu limejaa. "Nyinyi kazi yenu mliifanya. Ni woga wangu."

Papa akamuuliza taratibu, "Zile kumi ulizopiga hapa, bega lilisemaje?"

"Kumi gani?"

Papa hakunigeukia. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, muda mrefu. Mimi nikainamia tupa yangu. Mutiso akaaga, akatoka.

"Huyo mtu anaondoka akijiita mwoga," Papa akasema. "Na wewe unamwachia."

Hakunitukana. Heri angenitukana. Nikatoka mbio, nikampata kwenye robot, zile taa za barabarani, anasubiri kuvuka. Nikamwambia yote, tiki na kila kitu, magari yakipita.

"Hizo kumi zinachukua muda gani?" akauliza.

"Saa moja, mzee, pamoja na kwenda na kurudi."

Akakaa chini kwenye ukingo wa barabara. Taa iliwaka kijani, ikawaka nyekundu, hakuinuka.

"Mke wa Josias utamwambia wewe," akasema mwishowe. "Kwa mdomo wako, si kwa simu."

Nilikwenda naye Limpopo, Mutiso akitafsiri. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniomba nirudie tangu mwanzo, kwa sababu binti yake alikuwa nje anaanika nguo, na alitaka naye asikie. Nikarudia.

Mwanangu, titaniamu haina kosa. Mpaka leo naichagua kwa wale wanaopanda milima kufuata paa kwa risasi nyembamba. Ninachokuusia ni hiki. Anayekuja kwako anajua kinachomuuma leo. Kitakachomuuma kesho ni juu yako wewe kumuuliza, hata kama amesimama mlangoni na funguo za gari mkononi. Usitie alama kwenye kazi ambayo hukuifanya, kwa maana anayekuja nyuma yako atajenga juu yake. Na ukikosea, sema ungali unaweza kumfikia mtu kwa miguu. Usimwache abebe aibu yako akidhani ni yake.

Mungu akupe subira ya kungoja hadi ile ya kumi. Akujalie wateja watakaozeeka, wao na wanaotembea mbele yao. Amina.